Usipitishe Ethi Hapa

Wiki yangu ya mwisho kazini, Lomayani aliweka saketi mezani, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Mzee, sasa hii ni saketi au kibao cha barabarani?"

Wenzake wakacheka. Alikuwa anaonyesha maneno meupe yaliyochapwa katikati ya saketi zetu zote za betri: USIPITISHE ETHI HAPA. Kwenye toleo jipya walitaka kuyaondoa ili wapate nafasi. Wakaniuliza yaliandikwa kwa ajili ya nani, maana kila aliyesomea umeme anajua kwamba hapo waya haupiti. Nikawajibu kwamba yaliandikwa zamani. Halafu nikaenda kunawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Lile halikuwa jibu. Sasa nimestaafu, nipo nyumbani Meru, asubuhi nakata majani ya ng'ombe na mchana nina nafasi. Nawaandikia nyinyi mliobaki karakana. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo mkiona jambo la kitaalamu nimelieleza kwa maneno ya jikoni, mnivumilie. Ndivyo nilivyoelezwa mimi nikaelewa.

Nilianza kazi Ngarenaro, kwenye banda la fundi umeme wa magari aliyeitwa Mzee Shabani. Alikuwa mtu wa Kondoa, mwembamba, mwenye kofia ya kufuma iliyokuwa na harufu ya tindikali ya betri hata siku ya Idi. Siku ya kwanza sikupewa bisibisi. Nilipewa msasa na kopo la boliti zenye kutu, nikaambiwa nizisugue mpaka zing'ae. Nilisugua siku tatu. Siku ya nne akaja akasimama juu yangu.

"Unajua ulichokuwa unasugua?"

"Boliti, mzee."

"Hapana. Umesugua ethi."

Ndipo akanieleza. Kwenye gari la kawaida umeme unatoka betri kwa waya, unafanya kazi yake, kisha unarudi kwa kupitia bodi ya gari lenyewe. Pale unapoingilia kwenye bodi ndipo panaitwa ethi. Kutu ikikaa hapo, taa zinafifia, honi inakoroma, na fundi mjinga ananunua betri mpya. "Umeme ni mgeni," alisema Mzee Shabani. "Ukimkaribisha bila kumwonyesha njia ya kurudi kwao, atalala kwako na atakuharibia nyumba."

Nililishika neno lile zaidi ya miaka ishirini. Gari likiletwa na ugonjwa usiojulikana, kabla ya kitu chochote nilivuta waya mpya kutoka kwenye kifaa kinachoumwa mpaka kwenye bodi, juu ya boliti iliyosuguliwa ikang'aa. Mara nyingi lilipona. Mafundi wote wa mtaa wetu walifanya hivyo, na wateja walituona waganga. Hatukuwa waganga. Tulikuwa tunampa mgeni nauli.

Mzee Shabani alipofariki, banda lilifungwa, nami nikaajiriwa kwenye karakana yetu hii, wakati huo ikitengeneza magari ya dizeli ya kubeba watalii. Nilikuwa fundi wa altaneta na starta. Kisha mkurugenzi akarudi kutoka safari moja na wazo la kung'oa injini na kuweka mota na betri. Madereva walimwonea huruma. Mmoja aliuliza simba watajuaje kama gari limefika.

Miezi michache baadaye, asubuhi moja, aliingia getini dada mfupi mwenye begi la mgongoni, akaja moja kwa moja mpaka kwangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta gari gani?"

"Sijaleta gari. Nimeajiriwa."

"Ofisi ni pale juu, mama."

"Nimetoka huko. Wamenituma kwako. Wamesema wewe ndiye unayejua nyaya zinapita wapi."

Huyo ndiye Injinia Aikande. Wengine wenu hamkumkuta. Alikuwa mtu wa Machame, binti wa mwalimu, umri wake sawa na wa mwanangu wa pili. Aliniita Mzee Eliamani tangu siku ile, nami nilimwita Injinia, hata tulipozoeana kiasi cha kugombea karanga za kwenye bakuli moja. Alikuwa mwanakwaya wa sauti ya pili. Akiwa na kazi mkononi aliimba polepole, lakini sauti ya pili tu, kwa hiyo nilifanya naye kazi miaka yote ile nikisikia nyimbo ambazo sikuweza kuzitambua. Jumapili nikiwa kanisani, kwaya ikianza, bado naisikiliza sauti ya pili.

Alikuja na sheria mbili. Ya kwanza ni hii mnayoifuata mpaka leo: kabla mkono haujaingia kwenye boksi la betri, unasema kwa sauti unachokwenda kufanya, na mwenzako anakirudia. Aliiita Sema Kwanza. "Naingia boksi la pili, naondoa waya wa joto, sigusi nguzo." Na mwenzako: "Boksi la pili, waya wa joto, hugusi nguzo." Mwanzoni niliona kama tunacheza mchezo wa chekechea. Ya pili: kila kifaa kilichoondolewa kinafungwa kikaratasi chenye mwandiko, kinaeleza kilikuwa wapi na kiliondolewa kwa sababu gani, kisha kinaingia sandukuni. *Imeungua. Imelowa. Imechoka.* Alisema kifaa kibovu ni mwalimu, na mwalimu hatupwi jalalani.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, maana nyinyi mmeikuta imekamilika na mnadhani iliota.

Betri ya gari lile la kwanza ilikuwa na maboksi manane ya seli, manne mbele palipokuwa na injini, manne nyuma chini ya viti. Kila boksi lilikuwa na saketi yake ya kupima volti za kila seli na joto lake. Saketi hizo nane zilitakiwa kutoa taarifa kwa saketi mama iliyo karibu na usukani. Seli moja ikizidi chaji au joto, saketi mama izime kila kitu kabla moto haujaanza. Kwa hiyo ule waya wa mawasiliano ndio uhai wa gari. Boksi likinyamaza, gari linajizima, kwa sababu heri gari lililosimama kuliko gari lisilojua hali ya tumbo lake.

Ugumu ulikuwa hapa. Saketi mama inatumia betri ndogo ya kawaida, iliyofungwa ethi kwenye bodi kama nilivyofundishwa. Betri kubwa ina volti zaidi ya mia tatu, na haigusi bodi mahali popote. Injinia alisema betri hiyo "inaelea". Ukigusa nguzo yake moja, yaani ncha yake ya umeme, huku umeegemea gari, hakuna kinachotokea, kwa sababu umeme hauna njia ya kurudi. Usalama wake wote ni huko kuelea.

Jambo hilo lilinitia wasiwasi. Kitu kisicho na ethi nilikiona kama mtu asiyejulikana kwao.

"Sasa hizi saketi zitaongeaje na yule mama, kama hazishikani?" nilimuuliza.

Alichukua koili mbili ndogo, kila moja kama punje ya harage, akaziweka sambamba bila kugusana. "Wewe ukiwa ng'ambo ile ya mfereji, na mimi ng'ambo hii, tunaweza kusalimiana?"

"Tunaweza."

"Kuna atakayelowa?"

"Hakuna."

"Basi ndiyo transfoma. Salamu inavuka, maji hayavuki."

Akachora saketi yenye mstari mtupu katikati, milimita nane bila shaba hata chembe, na transfoma zikikaa juu ya mstari huo kama madaraja. Upande mmoja ulikuwa wa boksi, upande wa pili wa waya unaokwenda kwa jirani. Boksi la nane linamwambia la saba, la saba linamwambia la sita, mpaka ujumbe unafika kwa la kwanza, kisha kwa mama. Waya wenyewe nilisokota mimi, nyaya mbili pamoja, ncha moja ikibanwa kwenye jiliwa na nyingine kwenye drili, nikivuta polepole ili msokoto uwe sawasawa. Alikuja na rula akapima misokoto. Ilikuwa sawa. Akapima tena mahali pengine, nikajua hakuamini, na hilo pia lilinifurahisha. Sijui kama mnajua furaha ya kupimwa na mtu anayejua kupima.

Siku zile ndizo ninazozikumbuka zaidi nikiwa huku shambani. Hakukuwa na jambo kubwa. Meza mbili, jiko la chai la umeme, dirisha linalotazama mlima, na Julai ikifika tulilehemu tukiwa tumevaa makoti. Ningepewa ruhusa ya kurudia siku moja, ningechagua moja ya hizo isiyokuwa na tukio.

Gari lilipokamilika, jaribio letu lilikuwa kupanda Oldonyo Sambu, ng'ambo ya kaskazini ya mlima, kwa sababu kuna mwinuko mrefu, vumbi na baridi. Mimi niliendesha, Injinia alikaa pembeni na kompyuta mapajani. Tulivuka Ngaramtoni vizuri. Mwinuko ulipoanza na mota ikavuta kwa nguvu, maboksi ya nyuma yakaanza kukatakata maneno, kisha yote manne yakanyamaza. Gari likajizima. Mama mmoja aliyekuwa anaswaga punda wenye madumu ya maji alitupita, akatusalimia, akatuombea safari njema.

Tulirudia kwa wiki nyingi. Chini kwenye tambarare maboksi yaliongea kama majirani. Mlimani yalikuwa kama yamegombana. Mkurugenzi alimwita Injinia, nami nikiwepo.

"Sina ubaya na wewe," alisema. "Lakini mgeni wangu hawezi kukaa porini akingoja saketi zisalimiane. Nakupa mpaka mvua za masika ziishe. Gari lipande Oldonyo Sambu mara kumi bila kunyamaza. Likishindwa, nitaagiza mfumo uliotengenezwa tayari nje, na meza yako itakuwa stoo ya vipuri. Wewe nitakutafutia kazi nyingine ofisini."

Injinia alisema sawa. Alipotoka nje alisimama kwenye ngazi muda mrefu akitazama mlima, wala haukuonekana, ulikuwa umefunikwa.

Wiki ile alibadilisha rezista za kwenye ncha za waya wa mawasiliano. Tulipomaliza maboksi matatu ya mbele, simu yake ikalia, akatoka nje. Nikabaki peke yangu na boksi la nne, lile la mwisho kabla waya haujapita chini ya sakafu kwenda nyuma. Hapo ndipo maneno yalipokuwa yanapotea.

Nilifanya nilichofanya miaka ishirini. Nilikata kipande cha waya wa kijani, urefu wa mkono, nikalehemu ncha moja kwenye ziro ya saketi ya boksi la nne, pale inaposhikana na seli, nikaweka soketi ndogo ya kuchomoa, nikafunga ncha ya pili kwenye boliti ya bodi. Boliti niliisugua kwanza ikang'aa. Nikafunga mfuniko. Sikusema kwa sauti. Sikusema hata baadaye. Nimejiuliza kwa nini, na nimekusanya majibu mengi ya heshima, lakini la kweli ni moja: nilijua angesema hapana.

Gari lilipanda. Mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Mara ya saba mkurugenzi alipanda nasi na mkewe. Mara ya kumi, tulipofika juu na maboksi yote manane yakiwa yanaongea, Injinia alipiga dashibodi kwa kiganja.

"Rezista, Mzee. Miezi yote hii. Rezista ndogo kama chawa."

"Mungu ni mwema," nikasema.

Mungu hakuwa na kesi pale. Ulikuwa uongo wangu, nikamtumia yeye kuufunika. Injinia akaandika ripoti, akatia sahihi, akaeleza vizuri sana jinsi rezista ilivyotibu gari.

Kila Ijumaa kazi yangu ilikuwa kupima kama betri bado inaelea, kwa mita maalumu, na kuandika namba kwenye daftari. Ijumaa ya wiki ile ya rezista, kabla ya kupima, nilichomoa ule waya wa kijani. Nilipomaliza nikaurudisha. Nilijiambia kwamba waya ule si sehemu ya betri, ni ethi tu, utaharibu kipimo. Ijumaa iliyofuata nikachomoa tena. Fundi mwenzangu, mkono unaochomoa kabla ya kupima unajua jambo.

Jumatatu moja nilikuwa nakaza nati kwenye nguzo ya mwisho ya betri, nyuma. Wenzangu walikuwa getini wanashusha matairi. Nati ilianguka pembeni, nikavua glovu moja ili niiokote, nikaegemea ukingo wa bodi, na kidole changu cha pete kikagusa nguzo.

Sikumbuki kurushwa. Nakumbuka nimekaa sakafuni naangalia buti zangu na kushangaa ni za nani. Kidole kilikuwa na alama nyeupe kama iliyochongwa. Moyo ulikuwa unakimbia ovyo. Kitu cha kwanza nilichofikiri kwa akili timamu ni hiki: betri inayoelea haiwezi kumrusha mtu aliyegusa nguzo moja. Betri hii haielei tena. Niliifunga kamba mimi, na kamba hiyo ilikuwa na volti zaidi ya mia mbili kwa yeyote atakayegusa kama nilivyogusa.

Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuuondoa waya na kukaa kimya. Gari lingeanza tena kunyamaza mlimani, na Injinia angetafuta mzimu ndani ya kazi yake mwenyewe, akiwa na ripoti yenye sahihi yake, mvua zikikaribia kwisha. Au ningeuacha, na siku moja dereva mwenye mikono yenye maji angefungua mfuniko porini, mbali na hospitali. Nilikaa pale sakafuni mpaka moyo ukatulia kidogo. Nikachomoa waya, nikaufungua kwenye boliti, nikapanda juu.

Alikuwa mezani anamenya karanga.

"Injinia, kuna jambo sikulisema."

"Lipi?"

"Kwenye boksi la nne kulikuwa na ethi. Niliiweka mimi, siku ile ya rezista."

Alimaliza kumenya karanga aliyokuwa nayo, akaiweka chini bila kuila. "Kutoka wapi?"

"Ziro ya saketi."

"Kwenda wapi?"

"Bodi."

"Na vipimo vya Ijumaa?"

"Nilikuwa naichomoa kwanza."

Hapo aliinua macho. "Kwa hiyo ulijua."

"Mkono ulijua. Mimi nilikuwa nabishana nao."

Akaona kitambaa nilichofunga. "Hicho kidole?"

"Ndicho kilichoshinda ubishi."

Akasimama. "Twende zahanati."

"Nimeshapaka mafuta."

"Mzee Eliamani, sijakuuliza umepaka nini. Moyo haupakwi mafuta. Twende."

Zahanati walinipima moyo wakaniambia nipumzike. Njia nzima ya kurudi hakuimba. Tulipofika karakana hakwenda mezani kwake, alikwenda kwa mkurugenzi, nami nikamfuata. Nilisema yote upya, nimesimama.

Mkurugenzi alisikiliza. "Kwa hiyo gari lililotupandisha Oldonyo Sambu mimi na mama watoto..."

"Ndilo hilo, bosi."

"Na mama watoto alivua viatu."

"Ndiyo, bosi."

Akamgeukia Injinia. "Wewe ulijua?"

"Sikujua. Niliamini rezista. Ripoti ni yangu, nitaiandika upya, na nitaandika kwamba ile ya kwanza haikuwa kweli." Akanionyesha kwa kidevu. "Naomba abaki. Yeye ndiye anayejua nyaya zinapita wapi."

Mkurugenzi alitazama kidole changu. "Mpaka masika iishe," alisema. "Siongezi hata siku moja."

Zilikuwa zimebaki kama wiki tatu. Siku mbili za kwanza Injinia alizungumza nami kwa Sema Kwanza tu. Siku ya tatu nilileta redio yangu ndogo ya nyumbani. Mzee Shabani alinifundisha kwamba redio ikiwekwa mahali pasipo na stesheni, inasikia uchafu wa umeme kama mbwa anavyosikia mgeni. Tuliinua magurudumu, tukawasha mota, nikalala chini ya gari nikiipitisha redio kando ya waya wa mawasiliano. Kwenye boksi la nne ilikuwa inanong'ona. Katikati ya sakafu ikaunguruma. Waya wetu ulikuwa umelala sambamba na nyaya nene za mota kwa urefu wa mita nzima, na aliyeulaza hapo ni mimi, kwa sababu palikuwa na vibanio tayari.

Tukauhamishia upande wa pili. Kelele ikapungua, lakini haikwisha. Injinia alikaa akiutazama ule waya wa kijani juu ya meza kama mtu anayesoma barua.

"Mzee Shabani wako hakukosea," alisema hatimaye. "Hii kelele nayo inataka kurudi kwao. Ndiyo maana waya wako ulisaidia. Ila wewe uliifungulia mlango, na mlango hauchagui wa kupita. Mimi nataka chekecheke."

Chekecheke hilo ndilo kapasita ndogo ya bluu mnayoiona kwenye kila saketi, imevuka ule mstari mtupu. Kelele inayotetemeka haraka inapita humo kwenda kwenye bodi. Umeme wa betri uliotulia haupiti. Imetengenezwa kuhimili volti nyingi, na msije mkaweka nyingine ya aina yoyote kwa sababu tu inafanana rangi. Ile ya kwanza nililehemu mimi. Nilisema kwa sauti: "Boksi la nne, naweka kapasita, siweki waya." Akarudia: "Boksi la nne, kapasita. Huweki waya." Hakutabasamu.

Tulipanda Oldonyo Sambu mara kumi, za mwisho kwenye matope hasa, gari likiteleza upande. Maboksi yote manane yaliongea mpaka juu na mpaka chini. Safari hii hakupiga dashibodi. Alifunga kompyuta, akaniuliza kama nina njaa. Meza yake haikuwa stoo.

Saketi mpya zilipokuja kutoka kiwandani, zilikuwa na maneno yale. Hayakuwa herufi za mashine. Aliyaandika kwa mkono, akayapiga picha, yakachapwa: ile H yenye mguu mmoja mfupi ni yake. Nilizitoa boksini nikiwa na mafundi wengine watatu. Niliyasoma, sikuinua kichwa. Nilijua ni adhabu yangu, nikaona nastahili.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita baada ya hapo. Alinikabidhi funguo, alinitanguliza kwa wageni, tuligombea karanga. Lakini kila Ijumaa nilipokwenda kupima alishuka, akasimama kando yangu, mikono nyuma, mpaka nimeandika namba. Kila Ijumaa. Nilitaka kumuuliza kama ameshaniamini tena. Swali lenyewe ni fupi. Niliogopa jibu, nikawa nasema nitauliza wiki ijayo.

Kisha akaanza kuchoka. Akaenda Moshi kutibiwa, akarudi, akaenda tena. Ijumaa ya kwanza aliyokosekana nilisimama na mita mkononi nikamngoja, ingawa nilijua yuko hospitali. Haikuchukua muda mrefu. Tulimzika kwao Machame, katikati ya migomba, na kwaya yake iliimba. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia moja ya nyimbo zile ikiwa kamili. Niliitambua kwa sababu ya sauti ya pili, na kulikuwa na nafasi tupu ndani yake.

Miezi kadhaa baadaye dada yake, Mama Gloria, alikuja karakana na sanduku la bati.

"Alisema hili ni lako, Mzee. Mimi nimeona ni vyuma vibovu tu. Kama ni takataka, utatupa."

"Hapana, mama. Hawa ni walimu."

Vilikuwa ni vile vifaa vyenye vikaratasi. Nilivitoa kimoja kimoja mezani. *Imeungua. Imelowa. Imechoka.* Chini kabisa ulikuwa waya wa kijani, urefu wa mkono, umeviringwa vizuri. Sikujua kwamba aliuweka. Nilisogea dirishani ili nisome kikaratasi chake.

*Ethi ya boksi la nne. Nzima. Alisema mwenyewe.*

Mama Gloria aliuliza ni nini. Nilimwandalia chai.

Lomayani, toleo jipya linahitaji nafasi, najua. Maneno yale mnaweza kuyafuta, wala sitakasirika. Uliniuliza yaliandikwa kwa ajili ya nani, nikakwepa. Yaliandikwa kwa ajili yangu. Nimesema.